Daktari wa Mifugo Aliyelitia Gurudumu Pumzi

Askari aendaye zamu kwa baiskeli hana budi kuamka mapema. Kabla hajapanda, huinama na kulibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Likizama sana, hutafuta pampu. Likiwa gumu kama jiwe, huridhika, hupanda, na kuushika mteremko wa Kololo au njia ya udongo mwekundu iendayo kambini. Tendo hilo ni la sekunde mbili tu, na aghalabu halifikiriwi. Hata hivyo, ndani ya sekunde hizo mbili mna swali ambalo limewashughulisha mafundi kwa zaidi ya karne moja: tairi liwe na upana gani, na lijazwe hewa kiasi gani, ili mpandaji afike mbali bila kuchoka bure?

Mtu aliyelifanya swali hilo kuwa la watu wote hakuwa mhandisi, wala mwanariadha, wala tajiri wa kiwanda. Alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake, John Boyd Dunlop, limeandikwa ubavuni mwa matairi yasiyohesabika yaliyopita katika barabara za Afrika Mashariki, na wengi wetu tumelisoma tangu utotoni tukidhani kwamba ni jina la kampuni tu. Yafaa tumjue mwenyewe, kwani maisha yake yana fundisho kwa kila mtu ambaye kazi yake humtaka apime kabla ya kuamini.

MTOTO WA MKULIMA

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, wilaya ya Ayrshire, huko Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Aliambiwa kwamba alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, naye akakua akiamini kuwa mwili wake ni dhaifu na kwamba yampasa kujihadhari daima. Imani hiyo haikumwacha maishani mwake, ingawa hakupatwa na ugonjwa mkubwa mpaka uzeeni, na aliishi miaka 81. Huo ndio mfano wa kwanza, katika maisha yake, wa jambo lililoaminiwa bila kupimwa.

Alisomea utabibu wa wanyama mjini Edinburgh, akahitimu angali kijana sana. Mwaka 1867 alivuka bahari kwenda Ireland. Huko alianzisha kazi ya utabibu pamoja na ndugu yake katika mji wa Downpatrick, kisha akahamia Belfast. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Kazi yake ilistawi, hata ikawa miongoni mwa kazi kubwa za utabibu wa wanyama katika Ireland nzima.

Nyakati hizo farasi ndiye aliyekuwa lori, basi na teksi. Daktari wa farasi alishinda barabarani mchana kutwa, akitoka zizi hili kwenda lile kwa gari la kukokotwa. Mitaa ya Belfast ilikuwa imetandikwa mawe yaliyochongwa, na juu ya mawe hayo zilipita reli za tramu. Magurudumu yalikuwa ya mbao yenye pete ya chuma, au yalivishwa mpira mgumu usio na hewa ndani. Kila jiwe lilimfikia msafiri mgongoni. Dunlop aliuona mtikisiko huo kwa jicho la tabibu, kwani miguu ya wanyama aliowatibu ndiyo iliyolipa gharama ya barabara mbaya.

UA LA NYUMBA KATIKA BELFAST

Mwaka 1887 mtoto wake wa kiume, Johnnie, alikuwa mvulana wa miaka kama tisa au kumi. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu, naye alipata taabu kuiendesha juu ya mawe ya mitaa. Baba mtu akaanza kutafuta dawa. Alikuwa na ujuzi wa kufanya kazi na mpira, maana vifaa kadhaa vya kazi yake alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Alichukua kipande cha mbao cha mviringo. Akakunja utando mwembamba wa mpira ukawa bomba, akaunganisha ncha zake kwa gundi, akalizungusha bomba hilo kwenye ukingo wa mbao, akalifunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari midogo. Kisha akalijaza hewa kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Hilo ndilo lililokuwa tairi lake la kwanza.

Hapa ndipo tunapopaswa kumtazama kwa makini. Dunlop hakutoka mbio kuwatangazia jirani. Alifanya jaribio. Alichukua gurudumu la baiskeli ya mtoto, lile la mpira mgumu, akalivingirisha kwa nguvu katika ua wa nyumba yake. Likaenda kitambo, likayumba, likaanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Kisha akachukua mbao yake yenye hewa, akaivingirisha vivyo hivyo. Ikauvuka ua wote, ikagonga nguzo ya lango, ikarudi nyuma.

Watu wengi wangetarajia kinyume chake. Akili ya haraka husema kwamba kitu kigumu ndicho chepesi kuvingirika na kwamba kitu laini hushikwa na ardhi. Ua lile lilisema vingine. Gurudumu gumu linapokutana na jiwe hulazimika kupanda juu ya jiwe hilo pamoja na mzigo wake wote, kisha kushuka. Na kila kupanda na kushuka huiba sehemu ya mwendo. Gurudumu lenye hewa hulimeza jiwe. Tairi huingia ndani kidogo, hewa hubanwa, kisha husukuma nje tena, ilhali mzigo ulio juu hauinuki sana. Nguvu ambayo ingepotea katika mtikisiko hubaki katika mwendo.

Mapema mwaka 1888, usiku wa mbalamwezi, Johnnie alitoka kwenda kuijaribu baiskeli yake ikiwa na matairi ya hewa katika magurudumu mawili ya nyuma. Aliporudi, matairi yalikaguliwa na hayakuonekana na dosari. Mwezi Julai mwaka huohuo Dunlop aliomba hataza ya uvumbuzi wake, akaipata mwezi Desemba.

KICHEKO KILICHOGEUKA KUWA UKIMYA

Tarehe 18 Mei 1889 yalifanyika mashindano ya michezo katika uwanja wa Chuo cha Queen's mjini Belfast. Mwendesha baiskeli mmoja, Willie Hume, nahodha wa chama cha waendesha baiskeli wa hapo, alifika na baiskeli yenye matairi ya Dunlop. Hakuwa miongoni mwa wale waliotazamiwa kushinda. Matairi yake yalikuwa manene kuliko ya wenzake wote, na watazamaji wakayacheka. Hume akashinda mashindano yote manne aliyoingia. Baadaye alivuka kwenda Liverpool, na huko pia akaondoka na ushindi.

Kicheko kilikoma. Miongoni mwa vijana walioshindwa siku ile walikuwamo wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa waendesha baiskeli wa Ireland. Mzee huyo hakukasirika wala hakutoa visingizio. Alitaka kujua kilichowashinda wanawe, na alipokijua akaona biashara. Kabla mwaka 1889 haujaisha, kampuni ya matairi ya hewa ilikuwa imeundwa mjini Dublin, Dunlop akiwa ndani yake.

ALIYETANGULIA

Sasa likatokea jambo ambalo lingemvunja moyo mtu mwingine. Kampuni ilipata habari kwamba hataza ya Dunlop haina nguvu. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo la gurudumu la hewa mwaka 1845, miaka 43 kabla yake. Thomson aliyafunga magurudumu yake kwenye magari ya farasi, na mwaka 1847 yalionyeshwa katika bustani ya Regent's Park mjini London. Yalikwenda vizuri na kimya. Lakini mpira mwembamba ulikuwa ghali, baiskeli ya kawaida ilikuwa bado haijazaliwa, na wazo likalala usingizi hadi likasahauliwa.

Dunlop hakumwibia mtu, kwani hakujua habari za Thomson. Lakini sheria huangalia tarehe. Haki ya kwanza ni ya Thomson, na ni wajibu wa kila anayeisimulia habari hii kumtaja. Sifa ya Dunlop ni nyingine: alilileta tairi wakati ambapo watu walilihitaji, akalijaribu mbele ya macho yao, na tangu hapo halikusahaulika tena.

Kampuni iliokoka kwa kununua uvumbuzi wa watu wengine. Matairi ya kwanza ya Dunlop yalikuwa yamegandishwa kwenye ringi kwa gundi na kitambaa, hata kuziba pancha moja ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alivumbua tairi lenye waya kingoni, lililoweza kuvuliwa na kuvishwa, na William Bartlett akavumbua lenye kingo zinazojishika ndani ya ringi. Fundi wa baiskeli anayevua tairi leo kwa vijiko viwili pale Katwe anafuata njia iliyofunguliwa na Welch. Na ile valvu yenye kimpira chembamba, ambayo ingali katika baiskeli nyingi za mizigo Uganda, ilitokana na kazi ya mtu aitwaye Woods, ingawa wengi huiita kwa jina la Dunlop. Nchini Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Michelin walitoa tairi lao la kuvuliwa mwaka 1891, na Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

DAMU KATIKA MPIRA

Hatuwezi kuusifu uvumbuzi huu bila kutazama upande wake wa pili, maana upande huo uko karibu nasi. Ulaya na Marekani zilipopanda baiskeli, na baadaye magari, zilihitaji mpira kwa wingi usiopata kuonekana. Mpira huo ulitoka katika misitu ya joto. Hapa Uganda ulitafutwa katika msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja. Lakini msiba mkubwa ulikuwa magharibi yetu, katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908.

Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Vilivyoshindwa viliadhibiwa kwa bunduki. Askari wa jeshi la Leopold walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi, na uthibitisho ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Ikawa hata walio hai walikatwa mikono ili hesabu itimie. Mwaka 1904 ilitolewa taarifa ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliyezaliwa karibu na Dublin, mji uleule ulikozaliwa kampuni ya matairi. Taarifa hiyo ilisaidia kuuondoa utawala wa Leopold.

Dunlop hakuamuru jambo hilo, na wakati taarifa hiyo ilipotolewa alikuwa amekwisha kuiacha kampuni. Lakini sisi tunaochukua silaha kwa niaba ya raia tuna sababu ya kuikumbuka habari hii zaidi ya wengine. Mkono uliokata ulikuwa wa askari aliyekuwa ametii. Starehe ya mtu mmoja barabarani inaweza kuwa kilio cha mwingine msituni, na utii usiopimwa ndio uliojenga daraja kati ya viwili hivyo.

KOSA LA MIAKA MIA MOJA

Baada ya Dunlop, jambo la ajabu lilitokea. Waendesha baiskeli wa mashindano walisahau lile funzo la ua wa Belfast. Waliona kwamba tairi jembamba ni jepesi na hukatiza upepo vizuri, wakalifanya jembamba zaidi, hata likafika milimita 23 na pungufu ya hapo. Walilijaza hewa hadi likawa gumu, ratili 120 kwa kila inchi ya mraba na zaidi. Maabara ziliwaunga mkono, kwa kuwa vipimo vilifanywa kwenye pipa la chuma laini linalozunguka. Juu ya chuma laini, tairi gumu kweli hushinda.

Lakini hakuna mtu aendaye kazini juu ya pipa la chuma. Wapimaji walipotoka na kupima barabarani, katika karne hii ya 21, walikuta yaleyale aliyoyaona Dunlop mwaka 1887. Ukiongeza hewa, mwendo huwa rahisi mpaka kufikia kiwango fulani. Ukipita hapo, tairi huanza kurukaruka juu ya kila kokoto, na nguvu hupotea katika mwili wa mpandaji unaotikiswa. Barabara inapokuwa mbaya, kiwango hicho huwa chini zaidi. Kwa sababu hiyo mabingwa wa leo hupanda matairi ya milimita 28, 30 na hata zaidi, yenye hewa pungufu kwa mbali kuliko ya baba zao. Yalipofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali mwezi Septemba 2025, mara ya kwanza katika bara la Afrika, njia ilipita pia juu ya mawe katika mlima wa Kimihurura. Matairi manene yaliyochekwa Belfast yalikuwa yamerudi katika heshima.

KIPIMO CHA ASKARI

Je, haya yanatufaa nini sisi tusioshindana? Yanatufaa kila siku. Kanuni yenyewe ni nyepesi: hewa ndiyo ibebayo mzigo. Tuchukue askari mwenye uzito wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 20. Jumla ni kilo 95, na kiasi cha kilo 57 hukaa juu ya gurudumu la nyuma; hizo ni ratili 126 hivi. Tairi likiwa na shinikizo la ratili 50 kwa kila inchi ya mraba, litajilaza juu ya ardhi mpaka liguse takriban inchi za mraba mbili na nusu. Sasa mfungie gunia la kilo 50 kwenye keria. Karibu uzito wote huo huenda nyuma. Gurudumu lilelile sasa limebeba ratili 236 hivi, na kwa hewa ileile litalala juu ya inchi za mraba 4.7. Tairi limebonyea karibu mara mbili. Shimo la kwanza litaibana tyubu kati ya jiwe na ringi, nayo itakatika mikato miwili sambamba. Mwenye mzigo, basi, na aongeze hewa nyuma. Asiye na mzigo na apunguze. Gurudumu la mbele, ambalo hubeba kidogo, huhitaji hewa pungufu kuliko la nyuma.

Upana nao una sheria yake. Tairi pana lina hewa nyingi, kwa hiyo hubeba mzigo uleule kwa shinikizo dogo, na huwa na nafasi ya kulimeza jiwe kabla ringi haijaguswa. Lakini kitambaa cha tairi pana huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko cha jembamba katika shinikizo lilelile. Upana ukiongezeka mara mbili, mvuto nao huongezeka mara mbili. Kulijaza tairi pana kama la mashindano ni kutafuta mlipuko. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na hicho si lengo la kufikiwa, bali ni mpaka usiovukwa.

Kwa mtu wa kilo 75 asiye na mzigo, hesabu za karibu ni hizi. Tairi la milimita 25 juu ya lami nzuri hutaka ratili 80 hadi 90 nyuma. La milimita 28 hutosheka na 70 hivi. La milimita 32 na 55 hadi 60. Baiskeli yetu ya kawaida yenye tairi la inchi 28 kwa moja na nusu hutaka 45 hadi 55 nyuma, na pungufu ya hizo kama kumi mbele. Njia ikiwa ya marram yenye mawimbi, ondoa kidogo. Mvua ikinyesha na udongo ukawa utelezi, ondoa kidogo tena ili tairi lishike ardhi. Tairi likiachwa juani, hewa hupanuka: likitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 za joto, shinikizo la ratili 50 hupanda kwa ratili nne hivi.

Wengi wetu hatuna kipimo, na ile valvu ya kimpira haikubali kipimo kwa urahisi. Liko jicho. Keti juu ya baiskeli ukiwa na mzigo wako wote, na mwenzako atazame tairi la nyuma. Likizama kama asilimia 15 ya kimo chake, yaani milimita sita hivi kwa tairi la inchi moja na nusu, limepata kiasi chake. Kisha libonyeze kwa kidole gumba, ukariri. Kidole kilichofundishwa hivyo huwa kipimo cha kuaminika.

Historia ya vita ina mfano wa kuwaonya wanaodharau jambo hili. Wajapani walipoivamia Malaya mwezi Desemba 1941, maelfu ya askari wao walikwenda kwa baiskeli, wakizishusha barabara za lami haraka kuliko adui alivyodhani. Walikuwa na mafundi wa kuziba pancha, lakini joto na mizigo vilipasua matairi kwa wingi, hata wengine wakaendelea juu ya ringi tupu. Walifika Singapore, nayo ikaanguka tarehe 15 Februari 1942. Lakini mlio wa ringi zile juu ya lami usiku ulisikika mbali, na askari anayesikika mbali hawezi kuchagua saa ya kuonekana.

JINA LILILOBAKI

Turudi kwa mzee wetu. Dunlop alikuwa amekabidhi haki za uvumbuzi wake kwa malipo ya wastani, naye akajiondoa katika kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa kwa pauni milioni tatu, ikauzwa tena kwa umma kwa pauni milioni tano. Utajiri huo ulipita mbali na mlango wake. Aliishi Dublin, akiwa na hisa katika biashara ya nguo, mzee mtulivu mwenye ndevu ndefu.

Jina lake halikuwa mali yake tena, wala sura yake. Picha yake ilitumiwa kuwa alama ya biashara. Uzeeni aliona matangazo yaliyomchora akiwa amevalia kimalidadi, mavazi ya mtu mwenye majivuno, jambo ambalo halikufanana naye hata kidogo. Alikwenda mahakamani kupinga, na shauri lake na kampuni yenye jina lake mwenyewe likafika hadi Baraza la Malodi la Uingereza. Hakudai kurudishiwa mamilioni. Alidai asionyeshwe mbele ya watu kuwa mtu ambaye siye. Askari anayejua thamani ya jina lake jema atamwelewa.

Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Kitabu chake kuhusu historia ya tairi la hewa kilitolewa baada ya kifo chake.

Miaka mingi imepita. Baiskeli zimevuka mpaka wa Busia zikibeba abiria na kuzaa boda boda, zimebeba ndizi kupanda Namirembe, zimewafikisha makonstebo kwenye vituo ambako gari halifiki. Zote zimekwenda juu ya hewa iliyofungwa. Dunlop hakuwa wa kwanza kuiwaza, na hakuwa aliyetajirika nayo. Alikuwa yule aliyechukua magurudumu mawili, akayavingirisha katika ua wake, na kukubali alichokiona.

Kesho alfajiri, utakapoinama kulibonyeza tairi, usilitake liwe gumu kama jiwe. Jiulize umebeba nini leo na njia unayoiendea ikoje. Kisha tia hewa kwa kiasi hicho, upande, uende.